Kanuni ya Mkono

12 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Nimefika salama. Nimepewa chumba nyuma ya stoo ya shule, nalala na madebe ya rangi na jembe lisilo na mpini, lakini mlango unafungika kwa hiyo sina neno. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu huku inashika mtandao ukipanda juu ya tangi la maji, na mwalimu mwanafunzi akionekana juu ya tangi wiki ya kwanza tu, basi tena, jina limeshapatikana.

Haya, nikupe habari za shule. Uwanja upo. Goli moja lina mwamba, jingine lina kamba ya kuanikia nguo. Gari la mwalimu mkuu linaegeshwa ndani ya boksi la penalti kwa sababu ndipo penye kivuli cha ukuta, kwa hiyo mpira tunacheza nusu uwanja na dua. Mipira ni miwili. Mmoja umejaa upepo, wa pili umejaa matumaini.

Mwalimu mlezi wangu, yule anayetakiwa kuniongoza mpaka mazoezi haya ya kufundisha yaishe, ni mwalimu wa jiografia. Amepewa michezo kwa sababu hakuwepo siku walipogawana vipindi. Wanafunzi wanamwita Kivuli. Jua likihama, naye anahama na kiti chake. Siku ya kwanza aliniambia, "Binti, kipindi cha michezo ni cha kusahihisha madaftari. Wape mpira, wenyewe watajua." Nikacheka, nikidhani ananitania. Kumbe mwenzangu anasema kweli.

Darasa lina watoto sitini na ushei. Jana nimepuliza filimbi wakanijia wote kwa mpigo, kila mmoja anataka kuninong'oneza shida yake. Nikapayuka mpaka koo likakauka, na waliokuwa nyuma hawakusikia hata neno. Mjomba, chuoni tulikuwa tunafundishana sisi kwa sisi, watu wazima wanaojua kupanga mstari. Hapa nimegundua sijui kitu. Sijui nisimame wapi. Sijui nianze na nani. Nataka kuwafundisha kupinduka juu ya sanduku la kurukia, na sanduku lenyewe halipo, kuna matairi ya lori tu nyuma ya jiko. Nifanyeje?

Nikifeli hapa mama presha itampanda, dada yako unamjua. Ameshawatangazia majirani wote kwamba mwaka huu nyumba yake inatoa mwalimu. Nisaidie.

Mpwa wako,
Kiberiti


20 Januari

Mpwa wangu Kiberiti,

Marahaba. Nimecheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kulikoni. Usiogope. Mwalimu wa michezo hazaliwi chuoni, anazaliwa siku ile anapokanyaga uwanja wa watu. Sikiliza basi, maana haya nayasema mara moja.

Sauti. Sauti ya uwanjani haitoki kooni, inatoka tumboni. Nenda nyuma ya hiyo stoo yako, weka kiganja juu ya kitovu, useme "Simama!" mpaka kiganja kiruke. Neno moja. Habari za "naomba wote msimame tafadhali" ni za ofisini. Mtoto anayekimbia hana nafasi ya kusikiliza hotuba.

Pa kusimama. Simama pembeni, jua likupige wewe usoni, si wao. Usimpe mgongo hata mtoto mmoja. Ukigeuka tu, hapo hapo ndipo mtu anapovunjika.

Matairi funga matatu kwa kamba, juu tandika gunia. Upande wa kutua omba magunia ya maranda kwa fundi seremala yeyote, atafurahi umemwondolea taka. Anza na watoto wenye woga kidogo, sio mashujaa. Shujaa akianza, waoga wote wanajiondoa kimoyomoyo.

Na hili la mwisho hutalikuta kwenye kitabu, ni langu. Mkono ukishamshika mtoto hauachii mpaka miguu yake iguse chini. Mkono mmoja juu ya kiwiko, mwingine mgongoni. Aje nani aje nani. Aje waziri, hauachii. Nyumba iungue, hauachii. Mtoto aliye kichwa chini miguu juu hana mtu mwingine ila wewe.

Sasa mambo ya nyumbani. Pale chuoni ninapokufundisha hakuna anayejua kwamba wewe ni mtoto wa dada yangu, na tuache hivyo hivyo. Mkuu wa idara yetu, ambaye ndiye atakayekuja kukukagua, anapandishwa cheo mwaka huu, na kiti chake kinatafuta mtu. Nimekaa kwenye idara hii miaka mingi, wamenipita vijana niliowafundisha mimi kufunga kamba za viatu. Sitaki aseme mtu kwamba nambeba mpwa wangu. Alama zako ziwe zako, kiti changu kiwe changu.

Msalimie dada. Mwambie mgongo wake ulionibeba bado naukumbuka.

Mjomba wako


9 Februari

Mjomba,

Shikamoo, na hongera, wewe ni mchawi! Nimefanya ile ya kiganja na kitovu siku tatu mfululizo, mlinzi akadhani nimeugua. Juzi uwanjani nikasema "Simama!" Watoto wote wakaganda. Mpishi naye, aliyekuwa anapita na sufuria, akaganda na sufuria lake. Akaniambia baadaye, "Mwalimu, siku nyingine utanimwagisha uji wa watu."

Matairi yamekaa vizuri. Maranda nimepata magunia manne, fundi amenisaidia na kuyabeba. Sasa ngoja nikusimulie kuhusu Kijiti. Ni msichana mwembamba, ndio maana wenzake wakampa jina hilo. Walimu wote waliniambia, "Huyo mwache, ni mzito, haelewi kitu." Darasani hafungui mdomo. Uwanjani alikuwa anakaa pembeni anawatunzia wenzake viatu. Nikaanza naye, kama ulivyosema. Siku ya kwanza aliweka mikono kwenye tairi akalia. Siku ya pili aliinua mguu mmoja. Wiki ya pili nikamshika kiwiko na mgongo, akajirusha, miguu ikapita juu, akatua kwenye maranda amekaa kitako. Akaniangalia. Akasema, "Tena." Mjomba, hilo ndilo neno la kwanza alilowahi kuniambia. Nililia mbele za watu, nikasingizia vumbi.

Shida yangu ni Kivuli. Kazi hii inataka watu wawili, mmoja kila upande wa matairi. Anashika watoto wawili watatu, halafu anakumbuka chai. Ananiambia, "Wewe endelea, mikono si unayo miwili?" Kwenye daftari la usimamizi anasaini kwamba alikuwepo kipindi kizima. Nimwambie mwalimu mkuu au ninyamaze? Maana nasikia Mkaguzi anakuja mwisho wa mwezi huu, na sitaki kuonekana mchongezi.

Mpwa wako,
Kiberiti mwenyewe


27 Februari

Mjomba!

Shikamoo. Kaa chini kabla hujasoma. Amekuja!

Na alikuja wakati mzuri ajabu, hata ningepanga mwenyewe nisingeweza. Nimeshawapasha watoto miili moto, nimeshawagawa makundi, kila kundi lina kazi yake, hakuna aliyekaa bure. Mimi niko kwenye matairi. Kivuli ameenda kunywa chai, kama kawaida yake. Kijiti amekimbia, ameweka mikono, miguu imepanda juu, nimemshika kiwiko na mgongo, yuko kichwa chini. Hapo hapo naona kwa pembe ya jicho viatu viwili vyeusi vinang'aa vinakanyaga magunia yangu ya maranda. Kumbe ni mwalimu mkuu. Nyuma yake Mkaguzi na suti yake, mkono ameshaunyoosha anakuja kunisalimia, katikati ya pale pale Kijiti anapotua!

Mjomba, sikufikiri hata kidogo. Tumbo likasema lenyewe. "Simama hapo! Usisogee!" Wakaganda wote wawili, mguu mmoja wa mwalimu mkuu uko hewani. Watoto waliangua kicheko, uwanja mzima! Mimi sikugeuka. Nikampindua Kijiti taratibu, akatua, miguu ikagusa chini, ndipo nikamwachia. Halafu nikageuka nikasema shikamoo kwa adabu zote, nikampa Mkaguzi mkono. Yeye alikuwa ameshautia wake mfukoni. Nadhani aliona mikono yangu ilivyojaa vumbi, akahurumia suti.

Hawakukaa sana. Hawakuuliza hata andalio la somo, nami nililiandika kwa wino wa rangi mbili. Walikwenda ofisini na Kivuli, wakakaa huko kwa muda mrefu wakinywa chai. Lakini niseme ukweli, angekuwa mtu mwingine pale Kijiti angevunjika shingo kwenye magoti ya mwalimu mkuu. Mkaguzi ni mtu wa kazi hii, ameiona kwa macho yake. Ungekuwepo ungevimba kichwa. Kanuni yako ilisimama pale wima!

Nimemwandikia na mama. Nimemwambia aanze kutafuta mahali pa kutundika cheti.

Mpwa wako mwenye furaha,
Kiberiti


14 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Samahani kwa kukawia, kazi zimebana na goti linanisumbua tangu mvua zianze.

Nataka unieleweshe jambo moja au mawili. Ulisema "Simama hapo", au ulisema "Simameni hapo, tafadhali"? Hukuweza kugeuza hata shingo? Na watoto walicheka kwa muda gani? Nauliza tu, usije ukawasha moto.

Ni vizuri umwandikie Mkaguzi barua fupi ya kumshukuru kwa kuja. Weka na neno la samahani ndani yake, samahani haijawahi kumuua mtu. Mwambie ulikuwa na wasiwasi wa ugeni. Usiniulize kwa nini. Wewe bado mdogo, hujui kwamba mtu mzima akichekwa na watoto huwa hasahau.

Kikao cha matokeo bado hakijakaa. Kikikaa nitakujulisha.

Mama yako hajambo? Usimjaze matumaini mapema.

Mjomba wako


21 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Matokeo yamebandikwa kwenye ubao wa ofisi, nje, karibu na bomba, kila anayekuja kuchota maji anayasoma. Nimefeli.

Ngoja nikunakilie walivyoandika: "Mwanachuo aliwaamrisha mwalimu mkuu na mkaguzi mbele ya wanafunzi kwa sauti ya ukali. Alimpa mkaguzi mgongo. Alikataa kusalimiana. Hana nidhamu, na hafai kukabidhiwa watoto." Na chini yake Kivuli ameongeza ushahidi wake, kwamba alikuwepo uwanjani toka mwanzo na kila kitu alikiona. Alikionea wapi, ndani ya kikombe?

Hafai kukabidhiwa watoto! Mtoto mwenyewe nilikuwa nimeshakabidhiwa, alikuwa mikononi mwangu wakati huo huo! Walitaka nimwachie nani? Nimwachie apige shingo chini ili nimpe mtu mkono?

Mjomba, sijala. Mama bado hajui. Jana ameniandikia kwamba ameshapata fremu ya kioo. Nikirudi nyumbani bila cheti nitamwangalia na jicho gani?

Lakini nimekaa nikafikiri, na dawa ninayo. Dawa ni wewe. Wewe umo kwenye kikao kile. Sikuombi ubembeleze mtu, wala sikuombi useme mimi ni nani kwako. Sema tu neno moja, useme: "Kanuni hiyo ni yangu, nimemfundisha mimi, na alifanya sawasawa." Basi. Ukisema wewe watasikiliza, maana kila mtu anajua hakuna aliyepindua watoto wengi kuliko wewe. Bado hamjafunga majalada, najua. Fanya haraka.

Mpwa wako,
Kiberiti


30 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Pole sana. Nimeisoma barua yako mara mbili, nikaiweka, nikaisoma tena. Najua unavyoumia.

Nilisema. Nilisema kwa kadiri nilivyoweza. Lakini kikao ni watu, na watu wana mambo yao. Mkaguzi ameumia. Sio kwa sababu ya mtoto, wala kwa sababu ya mkono. Ameumia kwa kile kicheko. Habari imefika chuoni kabla yake mwenyewe, wanachuo wakikutana naye kwenye korido wanaambiana "simama hapo" kwa kunong'ona. Mtu wa cheo chake unadhani atakubali?

Sikiliza ushauri wa mjomba wako. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Panda gari, nenda ofisini kwake, piga magoti ya maneno, sio ya mwili. Mwambie ulikosea. Anaweza kukupa nafasi ya kurudia somo, nimemsikia akisema kwamba mlango haujafungwa kabisa. Utapoteza nini? Dakika chache za aibu, kisha cheti. Mama yako hatajua kitu, na fremu yake itapata cha kutia.

Ukienda, usinitaje. Hilo nakusisitizia. Mambo yangu mimi yako pabaya siku hizi, yanataka mkono wa taratibu.

Mjomba wako


11 Aprili

Mjomba,

Nimekwenda.

Nilivaa ile blauzi ya mama. Nikakaa kwenye benchi la korido mpaka katibu akanionea huruma akaniletea maji. Nilipoingia nilisema samahani kabla sijakaa, nikasema tena nilipokaa. Nilisema nilipotoka kwa ugeni, nikashikilia kanuni ya kutomwachia mtoto. Nilisema sikujua aliyekuja ni nani, na huo ni uongo, nilijua vizuri. Mkaguzi alinisikiliza amefunga mikono kifuani. Alifurahi. Akaniita "binti yangu" na akanipa nafasi ya kurudia somo.

Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kujua tu: "Lakini huu upuuzi wa kwamba mwalimu haachii mkono hata akija mgeni, uliutoa wapi?"

Ulisema nisikutaje, sikukutaja. Mjomba, nilijing'ata ulimi kwa ajili yako!

Akasema, "Maana kwenye kikao cha tarehe kumi Machi tulimuuliza mkufunzi wako. Tulimuuliza kwa heshima, kwa sababu sauti ile ulivyoitoa niliitambua, ni yake. Akasema sio yeye. Akasema hajui umeitoa wapi, labda vijana siku hizi mnajitungia."

Tarehe kumi. Barua yako uliyoniambia kikao bado hakijakaa ni ya tarehe kumi na nne. Nimeitoa kwenye begi nikaiangalia, nikidhani labda nimesoma vibaya.

Mimi nilikuwa nakuomba useme neno moja, kumbe ulishasema. Ulikuwa umeshalisema wakati mama bado anatafuta fremu. Sikuwa hata na habari kwamba ninashitakiwa, na shahidi wangu wa pekee ameshanikana.

Sina hasira ya kupiga kelele. Ningekuwa nayo ningejisikia vizuri.

Mkaguzi amesema safari hii mtakuja wawili. Yeye atatazama, alama utatoa wewe, kwa sababu unajulikana huna upendeleo.

Karibu shuleni, Mkufunzi.

Mwanachuo


25 Mei

Mpwa wangu Kiberiti,

Sikuijibu barua yako ya Aprili kwa sababu kila nilipoanza sikumaliza. Sasa naandika kwa kuwa yamekwisha, na yamekwisha vizuri. Umefaulu. Alama nimeziandika kwa mkono wangu mwenyewe, na ni za juu kuliko za mwenzako yeyote mwaka huu.

Lakini kati yetu wawili tuseme ukweli. Somo lile halikuwa somo. Ulikuja mpaka nusu ya uwanja kutupokea, ukatupa mkono mmoja mmoja, mkono wako ulikuwa wa baridi. Watoto wakatuimbia wimbo wa wageni. Kisha kipindi kizima wamekaa kwenye nyasi kwa mistari wakitaja majina ya misuli, na mikono magotini. Kivuli alikuwepo, amesimama juani anatabasamu, sijui alilipwa na nani. Hakuna mtoto aliyetoka jasho. Matairi sikuyaona. Mkaguzi aliniambia sikioni, "Umeona? Amenyooka."

Nilikuuliza lile swali kwa sababu fomu inataka tuulize. "Mwalimu, mbona hukuweka zoezi la kuruka na kupinduka?" Nilitaka kukupa nafasi, nilidhani utasema vifaa hakuna, mvua, chochote. Ukaniangalia usoni ukasema, "Sikufundishwa, Mkufunzi."

Mkaguzi alicheka. Mimi niliandika, lakini sijui niliandika nini mpaka niliposoma baadaye.

Umeniumiza, Kiberiti. Na sistahili yote hayo. Waliniuliza, ndiyo. Nilisema haimo kwenye mtaala, na kweli haimo, katazame mwenyewe. Yale mengine Mkaguzi ameongeza chumvi, au labda nami niliyasema, kikao kilikuwa kirefu na wote walikuwa wananitazama. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ningesema ni mimi, wangeuliza mbona unamtetea sana, wangechimba, wangejua wewe ni nani. Tungezama wote. Nilichagua abaki mmoja juu ya maji ili amvute mwenzake. Na je, sikukuvuta?

Jumatatu nimeingia kwenye ofisi mpya. Kiti kimepatikana. Kuanzia sasa mjomba wako ndiye mkuu wa idara, na mpwa akitaka shule nzuri ya kuajiriwa, yenye uwanja na vifaa, anajua pa kugonga. Jumamosi ya wiki ijayo njooni nyumbani, wewe na dada, tule pamoja tufurahi. Habari za kikao usimwambie, utampandisha presha bure.

Mjomba wako anayekupenda


8 Juni

Mjomba,

Shikamoo.

Jumamosi hatukuja, uliona. Uliweka viti, nasikia. Pole kwa mke wako aliyepika.

Mama nimemwambia. Nilimwambia yote, tangu matairi mpaka lile swali lako la mwisho. Alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja. Aliniuliza jambo moja tu: "Alisema kwa mdomo wake kwamba sio yeye aliyekufundisha?" Nikamwambia ndiyo, na ameandika kwamba labda alisema. Presha haikupanda, Mjomba. Ulimhofia bure. Alilia kidogo, na sio kwa ajili yangu.

Nikwambie na ambalo hukuliona, maana mliondoka mapema kuwahi chai. Mlipotoka tu getini, Kijiti alikwenda nyuma ya jiko akaanza kuyasukuma yale matairi peke yake, moja moja, mpaka uwanjani. Wenzake wakamsaidia. Wakayapanga. Akasimama mbele yake akanisubiri nije nimshike. Nikamwambia kipindi kimekwisha. Akaniuliza, "Kesho?" Nikamwambia hata kesho hapana. Hakuuliza tena. Amerudi kuwatunzia wenzake viatu, na mimi ndiye niliyemrudisha, kwa sababu nilikuwa nakitaka kile cheti.

Unasema uliniacha mimi nizame kidogo ili univute. Sawa. Umenivuta, nimetoka, nimejitazama, na huyu aliyetoka simtaki. Ana alama za juu kuliko wote na hajamshika mtoto.

Kwa hiyo barua hii sikuileta nyumbani kwako. Nimeipeleka chuoni. Unajua katibu wa idara hufungua kila bahasha na kuisoma kabla haijafika mezani kwa mkuu, na mkuu sasa ni wewe. Juu nimeandika kwa herufi kubwa asije akakosea: KWA MJOMBA WANGU, KAKA YAKE MAMA YANGU, MKUU WA IDARA YA MICHEZO. Hapa unapoisoma, korido nzima inajua.

Najua kitakachofuata. Watauliza ilikuwaje mjomba akatoa alama kwa mpwa wake. Watazifuta, na cheti kitakwenda nazo, na labda hawatanipa nafasi ya tatu. Nimelia vya kutosha kwa hilo, kisha nikamuuliza mama niipeleke au niichane. Akasema, "Peleka."

Wakikuita kikaoni wakakuuliza kama ni kweli mimi ni wako, utawajibu unavyojua wewe.

Mtoto wa dada yako